Bastola ya Kiunoni: Anza na Mpini

Kenya haina haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki, tofauti na Marekani. Iliyopo ni ruhusa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwananchi hupigwa msasa kabla ya kupewa cheti, na cheti chenyewe hufanywa upya kila mwaka. Aliyevuka kizingiti hicho hufika kwa muuzaji akiwa na swali moja: ipi yenye nguvu zaidi? Hilo lingefaa kuwa swali la mwisho. La kwanza ni hili: ipi ataweza kuivaa kutwa nzima bila abiria aliye kando yake kwenye matatu kuishuku, na bado akaimudu mambo yakichacha? Mahitaji haya mawili huvutana, na kuchagua bastola ni kuamua utapunguza wapi.

Wengi hudhani mtutu mrefu ndio unaomchongea mvaaji. Sivyo. Mtutu umezama ndani ya suruali, na hata ukirefushwa sentimita mbili hakuna atakayeona. Kinachochongea ni mpini, kwa sababu hubaki juu ya mkanda. Mwenye bastola akiinama kuokota funguo, ncha ya chini ya mpini husukuma shati na kuchora kona isiyo ya mwili wa binadamu. Jambazi mzoefu huitambua kona hiyo mara moja, na kwake bastola ni mali kuliko pochi. Kwa hiyo, ukilinganisha bastola mbili kwa ajili ya kuficha, pima kwanza urefu wa mpini na unene wa bastola. Urefu wa mtutu utafuata.

Tatizo ni kwamba mpini uliofupishwa hukinyima kidole cha mwisho pa kushika. Bastola ikifyatuliwa, mdomo wake huruka juu, na vidole vya chini ndivyo vinavyosaidia kuutuliza. Uzito nao una neno lake. Glock 19, inayobeba risasi 15, ina takriban gramu 600 ikiwa tupu. Glock 43, iliyotoka 2015, haifiki nusu kilo bila magazini, na hubeba risasi 6. Zote mbili hufyatua risasi ileile ya milimita 9, lakini ile nyepesi hupiga teke kali zaidi, kwa sababu haina uzito wa kulimeza. Isitoshe, bastola ndogo mara nyingi huwa na springi ngumu, hivyo huwa kazi kuikoki. Kumchagulia mwanafunzi, hasa mwanamke, bastola ndogo kabisa eti ni rahisi ni kumtwika silaha ngumu kuliko zote.

Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa P365, na mvutano huo ukalegea kidogo. Siri iko ndani ya magazini. Badala ya risasi kupangwa mstari mmoja, zimepishana kushoto na kulia, kisha magazini hujibana juu ili zitoke mojamoja. Risasi 10 zikaingia kwenye bastola yenye unene wa milimita 25 hivi, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Hata hivyo, hesabu ya teke haikubadilika: anayetaka kitu chepesi lazima alipe kwa mazoezi.

Kuhusu ukubwa wa risasi, ubishi umepungua. Baada ya maofisa wawili wa FBI kuuawa Miami mwaka 1986, shirika hilo lilihamia risasi kubwa zaidi. Mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kilieleza kwamba risasi za kisasa za milimita 9 zinafanya kazi ileile, na kwamba wapigaji wengi hulenga vizuri zaidi na kwa kasi wanapozitumia. Kwa mtu wa kawaida, hoja hiyo inatosha.

Pesa zilizobaki zisiishie kwenye urembo wa bastola. Zinunue ala na mkanda mgumu. Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, hazina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Kifyatulio kikivutwa, inalia. Kwa hiyo ala lazima iwe ya kitu kigumu, ikifunike kifyatulio chote, na isijikunje mdomo bastola inapotolewa. Hatari kubwa ni wakati wa kuirudisha: ncha ya shati au kamba ya jaketi ikiingia penye kifyatulio, hufanya kazi ya kidole. Irudishe polepole, ukitazama, shati likiwa limeinuliwa kwa mkono wa pili.

Mkoba si ala. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, Marekani, mtoto wa miaka 2 aliichomoa bastola kwenye mkoba wa mama yake wakiwa dukani, ikafyatuka, mama akafa. Silaha iliyotenganishwa na mwili iko mikononi mwa yeyote aliye karibu na mkoba huo.

Hali ya hewa nayo huamua. Koti la Nairobi la mwezi wa Julai huficha bastola ambayo shati jepesi la Mombasa litaianika kabla ya saa nne asubuhi. Ukiishi pwani, chagua kwa kufuata shati lako, wala usitarajie utabadilisha mavazi kwa ajili ya silaha. Bastola inayokusumbua huishia kwenye kisanduku cha gari, mahali pa kwanza mwizi wa magari anapopekua.

Kabla ya kulipa, omba kujaribu mbili au tatu kwenye uwanja wa shabaha. Usitazame tundu la risasi ya kwanza, kwani bastola yoyote hupiga moja vizuri. Piga tano mfululizo, kisha uangalie ya tano ilipotua. Ikiwa imetua mbali na zile nyingine, bastola hiyo ni nyepesi kuliko mikono yako. Panda saizi moja. Na kama hata hiyo ya juu hujaimudu, fanya mazoezi uwanjani na uiache kwenye sefu iliyofungwa. Cheti kinakuruhusu kuibeba, lakini hakikulazimishi.