Chawa kichwani mwa mtoto si aibu ya mama

Tangu masomo ya shule ya msingi kuwa ya bure katika nchi yetu mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Watoto wanabanana kwenye benchi moja, kichwa karibu na kichwa, na hapo chawa hupita. Chawa haruki wala hana mabawa. Hutambaa tu toka unywele hadi unywele. Mtoto wa Ibanda anayeoga kila siku humpata sawa na yule wa Kadutu ambaye kwao maji hukosekana. Kumwita mama yake mchafu ni kosa. Kumfukuza mtoto darasani ni kosa kubwa zaidi: mara nyingi amekwisha kukaa na chawa hao majuma kadhaa, na anachokosa ni masomo.

Wazee hukumbuka homa ya chawa iliyoua watu Burundi miaka ya 1990, na huogopa. Ile ililetwa na chawa wa nguo, anayejificha kwenye mishono. Huyu wa kichwani huwasha na kunyima usingizi, lakini haleti homa ile.

Dawa ya permetrini ya asilimia 1 hupakwa kwenye nywele zilizooshwa, ikaachwa dakika 10, kisha ikasuuzwa. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe. Dawa huua chawa, lakini mayai yaliyoganda karibu na ngozi hayafi yote, na huanguliwa kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo rudieni siku ya 9. Wengi huacha baada ya mara ya kwanza, halafu wanalalamika kwamba farmasi imewauzia dawa bandia! Wanaolala kitanda kimoja wakaguliwe wote siku ileile.

Asiye na pesa alowanishe nywele, apake sabuni, achane kwa kitana cha meno yaliyosongamana kila baada ya siku 3 kwa majuma mawili. Kunyoa hufaa pia, ila wembe mmoja usipite vichwa viwili. Petroli, mafuta ya taa na dawa za shamba, hapana kabisa. Huunguza na hutia sumu.

Wamama wa kanisa wanaweza kukagua watoto Jumamosi, nyuma ya masikio na kisogoni. Kila mtoto aitwe peke yake, mzazi aambiwe kwa sauti ya chini, na Jumatatu mtoto aende shuleni.