Ufipa iliwahi kufuma nguo zake. Kazi hiyo inaweza kurudi?

Sumbawanga ni mji wa baridi. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai blanketi zito si anasa. Leo blanketi na shuka hizo zinapanda na malori hadi madukani. Zamani watu wa huku walikuwa na wafumaji wao.

Katika karne ya 19, Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa vilikuwa kati ya maeneo yenye ufumaji wa pamba katika nchi ambayo leo ni Tanzania. David Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, kazi hiyo ilikuwa bado hai.

Ilifanyikaje?

Pamba ilistawi zaidi bondeni, kwenye joto. Ilichambuliwa mbegu kwa mkono, ikasokotwa uzi, kisha uzi ukatandwa kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini na kushikiliwa kwa vigingi. Nyuzi za urefu huitwa mtande. Zile zinazopitishwa kwa upana huitwa mshindio.

Nguo iliyotoka hapo ilikuwa nene na ya kudumu. Ila ilichukua muda mrefu, na kinachokula muda zaidi ni kusokota. Mfumaji mmoja anaweza kumaliza uzi wa wasokotaji kadhaa.

Nani aliiua?

Haikufa kwa sababu ni mbaya. Ilishindwa bei.

Kuanzia miaka ya 1830, meli za Marekani zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba cha kiwandani. Watu wakakiita merikani, na jina likabaki hata kilipoanza kutoka nchi nyingine. Pwani kilikuwa rahisi. Lakini kukifikisha Ufipa kulihitaji wapagazi na safari ya miezi, kwa hiyo kikifika kilikuwa ghali. Umbali ndio uliomlinda mfumaji wa Kifipa.

Ulinzi huo uliondoka wakati wa ukoloni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, barabara na maduka vikafuata. Kodi nayo ilitaka pesa taslimu, na vijana wengi wakaenda kuitafuta kwenye mashamba ya mbali. Kukaa siku nyingi ukisokota uzi hakukulipa tena.

Viwanda vikaja, navyo vikayumba

Baada ya uhuru, Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya nguo. Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza mwaka 1968. Vingine vilikuwa Mwatex Mwanza na Mutex Musoma. Kufikia miaka ya 1990 vingi vilikuwa hoi: vipuri hakuna, umeme unakatika, madeni yamejaa, na soko limefunguliwa kwa mitumba na nguo za nje.

Kufufua si kukata utepe

Mfano mzuri uko Eldoret, Kenya. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa miaka ya 1970, kikaanguka, na mwaka 2007 kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. India ikatoa mkopo wa karibu dola milioni 30 kwa ajili ya mashine mpya. Juni 2019, Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya.

Mashine zilikuwepo. Kilichopungua ni pamba. Wakulima wengi wa Kenya walishaliacha zao hilo katika miaka ambayo hawakuwa na mnunuzi wa uhakika. Kiwanda kikawa kinafanya kazi chini ya uwezo wake.

Tanzania ina tatizo la upande wa pili. Pamba ipo, hasa Kanda ya Ziwa, na hata mkoa jirani wa Katavi inalimwa. Ila sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa mbegu tu, haijawa uzi. Mkulima analipwa bei ya pamba ghafi, na kazi ya kusokota, kufuma na kushona inafanywa na watu wa nchi nyingine.

Ufipa ingeanzia wapi?

Kwanza uzi. Kurudi kwenye kusokota kwa mkono ni kurudi palepale kazi iliposhindwa. Ethiopia wafumaji wa mikono bado wapo wengi, na wengi wao hununua uzi wa kiwandani. Wanabaki na kazi ya kufuma, ambayo ndiyo mteja anailipia.

Pili, bidhaa ya kuchagua. Kushindana na shuka nyepesi za bei ya chini ni kujichosha. Nguo nzito ya kujifunika ina sababu ya kuwepo kwenye nyanda za baridi.

Tatu, mnunuzi wa uhakika kabla ya mashine. Shule za bweni, hospitali na nyumba za wageni hununua vitu vya kitandani kwa wingi. Oda moja ya kueleweka humpa mfumaji moyo kuliko semina kumi.

Nne, ujuzi. Kitanda cha mfumi kinaweza kuchongwa na fundi seremala, lakini mikono inayojua kutanda mtande haipatikani dukani. Inabidi ifundishwe, na anayefundishwa naye lazima aone hela ndani yake. Bila hivyo ataondoka, kama walivyoondoka vijana wa enzi za kodi.