Karakana ya Nyumbani Hujengwa Kuanzia Chini

Mtu apitaye katika Barabara ya Morogoro, tangu Kibamba mpaka Mlandizi, huwaona mafundi wengi wa magari wakifanya kazi chini ya miembe na mikorosho. Kivuli cha mwembe ni kizuri mwezi wa Januari, lakini mwezi wa Aprili, mvua za masika zinaposhika, kazi husimama. Fundi hawezi kulala chali matopeni akafungua gia boksi, na nati ndogo ikianguka mchangani haionekani tena. Ndiyo sababu kila fundi hutamani apate siku moja karakana yake mwenyewe, uani kwake, yenye paa, sakafu na mlango wa kufunga. Katika makala haya nataka kueleza jinsi karakana ya namna hiyo ijengwavyo, na hasa kwa nini sehemu kubwa ya fedha yapasa kuzikwa ardhini kabla ukuta haujaonekana.

Kibaha si pageni kwa magari. Hapo ndipo palipokuwa na kiwanda cha Tamco kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania, na mahali pale pangali panaitwa Tamco hata leo. Hapo pia ndipo kilipo kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, ambacho kiliunda lori lenye jina hilo hilo. Baba yangu mdogo ni fundi wa malori. Amejenga karakana yake karibu na mji wa Kibaha, nami nilikuwa kibarua wake katika likizo mbili. Mjomba wangu naye anajenga ya kwake Kisarawe, vilimani. Kwa hiyo nimepata kuona kazi moja ikifanyika katika ardhi mbili zisizofanana kabisa.

Jambo la kwanza ni kupima gari, si kiwanja. Watu wengi huchora jengo kwanza, kisha hujaribu kuliingiza gari ndani yake. Lori kubwa lina upana wa kama mita 2.5. Fundi lazima afungue milango ya pande zote mbili, azunguke na toroli la jeki, na achomoe tairi bila kugonga ukuta. Basi nafasi ya lori moja haiwezi kupungua mita 4.5 kwa upana. Tena, kichwa cha lori huinamishwa mbele ili injini ionekane, na kikiinama kinataka nafasi mbele yake na juu yake. Baba mdogo alipiga hesabu hiyo kwa chaki barabarani, mbele ya nyumba yake, akapata jengo la mita 12 kwa 9: nafasi mbili za malori, na ukanda wa mita 3 kwa ajili ya meza za kazi na stoo. Milango ina upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 4.

Kabla ya kuchimba, sharti kibali cha ujenzi kiombwe Halmashauri. Yafaa pia kuuliza kama kiwanja kilichopimwa kwa makazi kinaruhusiwa kuwa na karakana, maana kelele za kugonga vyuma na moto wa kuchomelea huwasumbua jirani. Tena barabara ipimwe. Mwaka 2017 majengo mengi kati ya Kimara na Kiluvya yalivunjwa kwa kuwa yalisimama ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Hakuna msingi, hata uwe imara namna gani, uwezao kushindana na greda.

Sasa tuje kwenye udongo, ambao ndio moyo wa habari yangu. Sehemu kubwa ya Kibaha ni kichanga. Kichanga hubeba uzito vizuri, ila adui yake ni maji: maji ya paa yakidondoka mahali pamoja kila siku huuchota mchanga chini ya msingi, na ukuta hubaki ukining'inia. Huko bondeni Ruvu uko udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo haufai kujengewa mpaka uchimbwe wote na kuletwa kifusi kingine. Kisarawe mambo ni tofauti tena. Vilima vya Pugu na Kisarawe vina udongo mweupe uitwao kaolini, utumiwao katika vyombo vya kauri na katika karatasi. Kaolini haivimbi sana kama udongo wa mbuga, lakini hushika maji na huteleza. Na kwa kuwa ardhi yenyewe ni mteremko, mjenzi hukata upande wa juu na kujaza upande wa chini ili apate uwanja ulio sawa. Hapo ndipo hatari ilipo. Upande uliokatwa ni mgumu tangu dunia iumbwe. Upande uliojazwa ni wa juzi. Jengo likikaa nusu huku na nusu kule, nusu moja hushuka na ukuta hupasuka katikati. Mjomba aliamua kukata zaidi, hata jengo zima likakaa kwenye udongo wa asili, na udongo uliotoka akautumia kufanyia njia ya magari. Nyuma yake alijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, wenye matundu ya kupitishia maji. Kazi hiyo peke yake ilichukua miezi miwili, na mpitaji hakuweza kuona chochote kinachofanana na karakana.

Katika kupima pembe, tuliona faida ya yale tuliyofundishwa kidato cha pili. Kiwanja chenye pande za mita 9 na 12 kikiwa na pembe za mraba, mshazari wake ni mita 15 kamili. Tulipigilia mambo, tukavuta kamba, tukapima mishazari yote miwili. Wa kwanza ulikuwa mita 15, wa pili ulizidi kwa sentimita 6, basi tukasogeza mambo mpaka ikalingana. Fundi mwashi alicheka kidogo, akasema kwamba yeye hufanya hivyo kila siku bila kumjua huyo Pythagoras.

Msingi ulichimbwa mpaka udongo mgumu, ukamwagwa zege, kisha tofali zikapandishwa. Kuhusu tofali nina neno. Mfuko mmoja wa simenti hutoa tofali 25 au 30 nzuri za inchi 6, lakini wapo wauzaji wanaotoa 45 au zaidi katika mfuko huo huo. Hizo ukizikwangua kwa msumari, humomonyoka. Mchanga nao hujaribiwa: tia mchanga katika chupa ya kioo pamoja na maji, tikisa, kisha iache mpaka kesho. Mchanga hukaa chini na udongo hukaa juu yake kama utando. Utando ukiwa mnene, rudisha lori lilikotoka. Mchanga wa baharini usitumiwe katika zege lenye nondo, kwa kuwa chumvi huzila nondo.

Sakafu ndiyo iliyokula fedha nyingi, na ndiyo iliyoleta maneno mengi mtaani. Sakafu ya nyumba ya kukaa hubeba vitanda na watu. Sakafu ya karakana hubeba jeki, na jeki yenye kitako cha upana wa kiganja huweza kushikilia tani tano. Uzito huo wote hubonyeza mahali padogo. Zege la sentimita 10 likipasuka hapo, jeki huinama, na mtu yuko chini ya lori. Kwa hiyo sehemu ya malori ilipaswa kuwa na unene wa sentimita 15. Tazama hesabu: mita za mraba 81 kwa unene huo ni mita za ujazo 12 na kidogo, ukanda wa meza, mita za mraba 27 kwa sentimita 10, ni mita za ujazo 2.7. Zege la kipimo cha simenti moja, mchanga mbili na kokoto nne hutaka mifuko 6 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni mifuko 94. Kama sakafu yote ingalikuwa ya sentimita 10, mifuko 68 ingalitosha. Mifuko 26 si kitu kidogo kwa mtu aliyeweka akiba miaka tisa. Jirani walimwambia anazika fedha zake, na afadhali ainue kuta ili watu waone. Yeye aliwajibu kwamba ukuta mwembamba haujamwua fundi yeyote anayemjua, lakini jeki iliyoinama anajua imefanya nini.

Chini ya sakafu tulijaza kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Ikapigwa dawa ya mchwa, kisha ikatandikwa nailoni ili unyevu usipande. Zege halikumwagwa lote kwa mara moja. Liligawanywa katika miraba ya mita 3 kwa 3, tukamwaga mmoja na kuruka mmoja, kama ubao wa drafti. Sababu yake ni hii: zege likikauka husinyaa, na lisipopewa mahali pa kuachana hupasuka popote lipendapo. Baada ya hapo kazi yetu ilikuwa kumwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Zege haligandi kwa kukauka tu, kama wengi wadhanivyo. Simenti huhitaji maji ili ishike. Hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kama siku ya 28, na kabla ya hapo lori lisiingie.

Kila fundi hutaka shimo la kukagulia gari, nami nilitamani sana kuliona likichimbwa. Kibaha lilichimbwa: upana sentimita 90, kina mita 1.5, ngazi pande zote mbili, kuta za zege lenye nondo. Kwa nini ngazi mbili? Kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Petroli ikivuja juu, mvuke hutambaa sakafuni na kuteremka shimoni kama maji, nao hukaa humo bila kuonekana. Cheche moja ya taa iliyovunjika yatosha. Basi taa ya shimoni iwe ya volti 12, iliyofunikwa, na mtu awe na njia ya pili ya kukimbilia. Shimo lisilo na gari lifunikwe kwa mbao.

Kisarawe hakuna shimo. Mjomba alichimba kishimo cha majaribio, akangoja masika. Asubuhi moja akakuta maji yamefika nusu, nayo hayakuondoka kwa wiki tatu. Shimo la karakana likijaa maji ni kisima cha mafuta machafu, wala si mahali pa kazi. Badala yake atajenga daraja la zege la kupandishia gari, nje, chini ya paa dogo.

Mafuta machafu yenyewe ni habari inayotuhusu sote. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivyo vya Kisarawe na kupita katikati ya Dar es Salaam, na maji ya Ruvu hunywewa na mji huo huo. Kwa hiyo sakafu ya Kibaha ina mteremko wa sentimita 9 kutoka nyuma hadi mlangoni, na hapo upo mfereji unaopeleka maji katika tangi la vyumba vitatu. Mafuta huelea juu ya maji. Bomba la kutoka chumba kimoja kwenda kingine limewekwa chini, hivyo maji hupita na mafuta hubaki. Mafuta hukusanywa katika pipa. Oili iliyomwagwa wakati wa kubadilisha haipelekwi humo hata kidogo. Hukingwa kwa karai.

Kuta zilipanda upesi, mwezi mmoja tu. Kwa kuwa zina kimo cha mita 4.5, zilitiwa nguzo za zege kila baada ya mita 3, na mkanda wa zege juu ukazunguka jengo lote. Milango inatazama kaskazini, kwa kuwa mvua za masika huja na upepo wa kusi. Kenchi ni za msonobari uliotiwa dawa, na bati ni za geji 28. Mnunuzi asidanganyike na namba: geji 32 ni nyembamba kuliko 28. Bati nne ni za plastiki zinazopitisha mwanga, ili fundi asiwashe taa mchana. Paa hilo likipata mvua ya milimita 50 hukusanya kama lita 5,400. Yameelekezwa kwenye tangi, na mchanga wa msingi umesalimika.

Kitu kimoja kisifanywe kamwe: kuning'iniza injini kwenye kenchi. Injini ya lori kubwa huweza kufika tani moja, na kenchi iliundwa kubeba bati na upepo tu. Baba mdogo amechomelea fremu ya chuma inayosimama juu ya sakafu kwa miguu yake yenyewe, na winchi imefungwa hapo.

Umeme uliwekwa na fundi mwenye leseni. Mashine ya kuchomelea na pampu ya upepo zikiwashwa pamoja kwenye laini ya kawaida, taa za jirani hufifia, kwa hiyo ameomba fezi tatu na angali anangoja. Kuta hazijapigwa lipu, na madirisha yamezibwa kwa wavu. Vioo vitafuata fedha ikipatikana.