Gari likinywa maji Jangwani, usikimbilie kupiga stata

KWA utani wa Kariakoo, mafuriko ya Jangwani ni mali ya mashabiki wa Simba. Mto Msimbazi ukifurika na Uwanja wa Kaunda ukageuka bwawa, watu wa Yanga wanajua kabisa wiki hiyo wataitwa vyura mpaka wakome.

Lakini maji hayana timu. Yakijaa Barabara ya Morogoro pale bondeni, Noah yenye bendera nyekundu inazama sawa na Coaster yenye bendera ya kijani na njano. Hapo utani unaisha, hesabu zinaanza. Gari ndiyo ofisi, ada ya watoto inatoka humo humo, na Jumamosi kuna mashabiki wameshalipia safari ya kuifuata timu Dodoma.

DAKIKA YA KWANZA

Wengi wanaipoteza mechi hii dakika ya kwanza tu. Maji yakishuka, dereva anakaa kwenye usukani na kupiga stata "aone kama itawaka". Kama kuna maji ndani ya silinda, hayabanwi kama hewa. Pistoni inagota, konrodi inapinda, na injini iliyokuwa nzima inakufa hapo hapo.

Upande wa umeme nao ni balaa. Kufungua swichi ni kupeleka moto kwenye soketi zilizojaa maji. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuchomoa waya hasi wa betri, kisha kuvuta stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari livutwe tu.

Kinachofuata ni kusoma mstari wa tope. Maji yakiishia kwenye matairi, kuna nafuu. Yakipita sakafu, zulia lote ling'olewe, maana magari mengi yana waya chini yake na soketi za eabegi chini ya viti. Yakigusa dashibodi, kontroli boksi na boksi la fyuzi vyote ni washukiwa.

FUNDI HABAHATISHI

Vitu vikishasafishwa kwa maji safi na dawa ya kusafishia soketi, vikakauka kabisa, ndipo mita inapoingia uwanjani. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma karibu 12.6 ikiwa imetulia. Ikiwa chini sana, ichajiwe kwanza, kwa sababu betri dhaifu inaleta makosa ya uongo kwenye kompyuta.

Halafu arthi. Taa zikiwa zimewashwa, ncha moja ya mita inawekwa kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi au injini. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, arthi hiyo imeshika kutu. Ifunguliwe, ikwanguliwe, ifungwe upya.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Kompyuta ikionyesha sensa sita zimekufa kwa mpigo, fundi wa haraka anaandika orodha ya sensa sita. Fundi makini anajiuliza zote zinapata umeme kutoka wapi. Timu nzima ikicheza ovyo, huwezi kuwauza wachezaji wote 11. Unaangalia kwanza nani anawalisha mipira. Mara nyingi ni fyuzi moja, arthi moja au soketi moja yenye maji.

Injini ikishawaka, alternata ipimwe pia. Kwenye magari mengi inatakiwa kutoa kati ya volti 13.5 na 14.5.

BAO LA DAKIKA ZA JIONI

Hatari kubwa ni gari kuwaka na kuonekana limepona. Maji hupanda taratibu ndani ya waya, chini ya plastiki yake, na kutu ya kijani inakula shaba bila kelele. Kama maji yalikuwa na chumvi, inakula haraka zaidi. Wiki tatu baadaye indiketa inagoma, taa zinazima zenyewe, betri inaamka imekufa kila asubuhi.

Betri ikilala usiku, mita iwekwe kati ya nguzo hasi na waya wake, gari likiwa limezimwa. Baada ya muda wa kutulia, gari la kawaida halitakiwi kunywa zaidi ya miliampia 50. Ikizidi, fyuzi zichomolewe moja moja. Ile inayoshusha namba ndiyo njia yenye mwizi.

Kwa hiyo Coaster iliyoogelea Jumatatu haifai kubeba watu Jumamosi, hata kama imewaka vizuri. Safari ya Dodoma ina usiku ndani yake, na taa zikizima ghafla mbele ya lori, hakuna marudiano. Mwenye gari arudishe nauli au akodi jingine. Mashabiki watanung'unika kidogo, kisha wataangalia mpira kibandani kama kawaida, huku wakiitana vyura.