Povu la Kuzuia Joto: Je, Lafaa kwa Nyumba za Pwani?

Katika miji ya pwani yetu, kama vile Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, nyumba nyingi mpya huezekwa kwa mabati. Bati ni jepesi na huzuia mvua vizuri, lakini lipigwapo na jua la mchana joto lake huweza kuzidi nyuzi 60 za Sentigredi. Joto hilo hushuka mpaka darini, na kutoka darini huwafikia wakaaji. Njia mojawapo ya kulizuia, ambayo imeenea sana Marekani, ni kupuliza povu la plastiki chini ya paa. Makala haya yanaeleza povu hilo ni kitu gani, linafanyaje kazi, na ni katika nyumba ya namna gani mwananchi anayejenga anaweza kuligharimia bila kujuta.

Povu hilo ni nini?

Povu hilo ni poliuritheni, yaani jamii ile ile ya plastiki inayotumika kutengenezea magodoro ya sponji. Plastiki hiyo ilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na mwanakemia Otto Bayer pamoja na wenzake. Fundi huwa na vimiminika viwili, aisosayaneti na polioli, ambavyo havikutani mpaka vifikapo kwenye mdomo wa bomba la kupulizia. Hapo huungana, huumuka kama unga uliotiwa hamira, kisha huganda na kushikamana na bati au ukuta.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni laini. Huumuka kiasi cha mara 100, na vijumba vyake vidogo vimepasuka, hivyo mvuke hupenya. Ya pili ni ngumu. Huumuka kiasi cha mara 30 tu, na vijumba vyake vimefumba, hivyo mvuke hupita kwa shida sana. Zote mbili huzuia joto kwa sababu gesi iliyotulia ndani ya vijumba ni kipitishi dhaifu cha joto.

Tufanye hesabu

Tuchukue bati lenye joto la nyuzi 60 na chumba chenye nyuzi 28. Pasipo dari wala povu, kizuizi pekee ni tabaka jembamba la hewa tulivu chini ya bati, na kila mita ya mraba hupitisha wati 190 hivi. Tukipuliza sentimita 5 za povu gumu, kiasi hicho hushuka hadi wati 15 hivi, yaani hupungua zaidi ya mara 10.

Mvuke huelekea wapi?

Katika nchi za baridi, mvuke hutoka ndani ya nyumba yenye joto kuelekea nje. Pwani, nyumba inapopozwa kwa mashine, mambo hugeuka: mvuke hutoka nje kuingia ndani. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba karibu gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikigusa kitu chenye nyuzi 22, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19 hivi. Zilizobaki hugeuka maji. Maji hayo ndiyo huozesha mbao na kuotesha ukungu mweusi ukutani. Kwa hiyo kizuizi cha mvuke hakina budi kuwa upande wa nje, na aghalabu povu gumu ndilo linalofaa zaidi kwa chumba kinachopozwa.

Lakini nyumba zetu nyingi hazina mashine. Madirisha huwa wazi na upepo hupita. Katika nyumba ya namna hiyo, hewa ya ndani na ya nje hulingana, hivyo povu ukutani halina faida kubwa. Linaloumiza ni paa, kwa maana karibu na Ikweta jua la adhuhuri hukaribia utosini. Hapo bati la rangi nyeupe, dari nzuri, matundu ya kutolea hewa ya moto juu ya dari na baraza pana huleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo zaidi.

Hadhari

Kwanza, aisosayaneti huweza kuleta ugonjwa wa pumu. Anayepuliza hana budi kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi, na wakaaji wakae mbali, kwa kawaida kwa saa 24, mpaka povu likomae na nyumba ipitishwe hewa. Pili, povu huwaka na kutoa moshi wenye sumu. Lifunikwe kwa ubao wa jasi au plasta. Tatu, mchwa hawali povu, lakini hulichimba na kujificha ndani yake; lisiguse ardhi. Nne, paa linalovuja lirekebishwe kwanza, kwani povu huficha uvujaji mpaka mbao zioze. Tano, nyumba iliyozibwa sawasawa haipumui yenyewe. Iwekewe njia ya kuingiza hewa safi, na jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, kwani gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu nayo huua.

Mwenye kujenga na ajiulize kwanza: nyumba hii itapozwa kwa mashine, au itategemea upepo? Kama itapozwa, povu gumu likipulizwa na fundi mwenye ujuzi litapunguza matumizi ya umeme. Kama itategemea upepo, fedha zake zitangulie kwenye paa jeupe, dari na madirisha yanayokabiliana.