Zawadi ya Krismasi, Balaa la Januari

Wiki ya kwanza ya Januari makedi wa klabu yetu ya gofu hapa Morogoro, wale wanaowabebea wachezaji mabegi, huwekeana dau la soda. Anaingia mwanachama, anasimama mbele ya mpira, anatazama vidole vyake, anavipanga, anavipangua, anavipanga tena. Chini ya mwembe vijana wameshaanza kunong'onezana: huyu kapewa kitabu. Kinachobishaniwa ni kitabu gani. Akiwa amebana viwiko mpaka vinakaribia kugusana, hicho ni cha bingwa wa zamani Ben Hogan. Akifumba macho na kuvuta pumzi ndefu kabla ya kupiga, ni vile vitabu vya saikolojia ambavyo mwalimu wao mkubwa ni daktari Bob Rotella wa Marekani. Akija anacheka na kupiga bila kujisumbua, basi sikukuu ilimpita bila zawadi, au alipewa shati.

Mimi ni mhasibu mstaafu, na gofu nilianza ukubwani, watoto wangu walipokuwa wameshaingia sekondari. Kwa msomaji asiyeujua mchezo: mpira una kipenyo cha milimita 42.67, shimo lina milimita 108, begi haliruhusiwi kuwa na fimbo zaidi ya 14, na kazi yako ni kuupeleka mpira katika mashimo 18 kwa mapigo machache kadiri unavyoweza. Hakuna anayekukaba wala anayekukimbiza. Mpira umetulia, unakungoja wewe tu. Ukiukosa, umeukosa mwenyewe, na binadamu aliyekosa bila wa kumsingizia hukimbilia kusoma. Nadhani ndiyo maana gofu ina vitabu vingi kupita kiasi. Kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa kuhusu gofu peke yake kilichapwa mwaka 1743, nacho ni shairi la kuchekesha la Thomas Mathison wa Edinburgh. Watu walikuwa wanaucheka mchezo huu hata kabla hawajaanza kuufundisha.

Kwa nini ndugu hununua vitabu, nalielewa. Fimbo ni ghali na lazima ziendane na urefu wa mtu. Viatu vina saizi. Mipira wanaona haifai kuwa zawadi, maana itapotelea majanini kabla ya Pasaka. Kitabu kinaingia kwenye sanduku bila kuzidisha uzito, kinafungwa karatasi ya maua, na jina la mchezo limeandikwa juu kwa herufi kubwa, kwa hiyo mnunuzi hana wasiwasi kwamba amekosea. Mwanangu wa kwanza anaishi Houston, Texas. Akija kula Krismasi nyumbani huniletea vya huko. Mdogo wake yupo Dar es Salaam, naye hunitafutia vya mitumba kwa wauzaji wa kandokando ya barabara, vingine vikiwa na majina ya wenyewe wa zamani ukurasa wa kwanza. Wote wawili hawajawahi kushika fimbo ya gofu, wala hawana mpango huo.

Bahati niliyonayo ni hiyo Texas. Vitabu viwili vinavyotolewa zawadi kuliko vingine vyote katika gofu vilitoka kwa wazee wawili wa jimbo hilo hilo, na wote wawili walianza maisha wakiwa watoto wa kubeba mabegi.

Wa kwanza ni Ben Hogan. Alizaliwa mwaka 1912, akafiwa na baba akiwa mdogo, akauza magazeti, na alipofika miaka 11 akaanza kubeba mabegi katika uwanja wa Glen Garden, Fort Worth. Februari 1949, akiwa ameshakuwa bingwa, gari lake liligongana uso kwa uso na basi. Alijitupa upande wa mkewe kumkinga, na kitendo hicho kilimwokoa na yeye mwenyewe, maana usukani uliingia ndani mpaka kwenye kiti alichokuwa amekalia. Alivunjika nyonga, mtulinga na ubavu. Juni 1950 akashinda mashindano ya US Open, akichechemea. Mtu wa namna hiyo akikuambia kushika fimbo kuna utaratibu wake, utamsikiliza. Kitabu chake, "Five Lessons", kilitoka mwaka 1957. Alisimulia yeye, akaandika mwandishi wa habari Herbert Warren Wind, na michoro ikachorwa na Anthony Ravielli. Michoro ile ni ya ajabu. Misuli ya mkono unaiona ilivyokaza. Kuna mmoja ambapo kioo kikubwa cha dirisha kimelazwa mabegani mwa mchezaji, kimeinamia mpira, yeye kichwa kimetokeza kwenye tundu, na anatakiwa apige bila kukivunja. Mjukuu wangu aliuona akauliza kwa nini huyo mzee ameadhibiwa.

Tatizo la kitabu cha Hogan wanalijua makedi kuliko wasomaji. Hogan katika ujana wake alisumbuliwa na mpira unaokata kwenda kushoto. Namna ya kushika fimbo aliyoifundisha ndiyo iliyomponya ugonjwa huo. Sisi wengine, wanachama wa kawaida wa Jumamosi, ugonjwa wetu ni wa upande wa pili: mpira unaondoka vizuri, halafu katikati ya safari unageuka kulia. Mtu wa namna hii akinywa dawa ya Hogan, mpira wake unazidi kwenda kulia. Kwetu sisi upande wa kulia wa shimo la pili ni shamba la mahindi, na Januari mahindi yakiwa bado machanga, mwenye shamba huokota mipira kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Hutuuzia wenyewe.

Sisemi kitabu ni kibaya. Nakisoma kila mwaka, lakini nikiwa kitandani.

Mzee wa pili ni Harvey Penick, na huyu naomba nikae naye zaidi. Alizaliwa Austin mwaka 1904. Akiwa na miaka 8 alianza kubeba mabegi katika klabu ya mji huo, na mwaka 1923 akawa mwalimu mkuu wa klabu hiyo hiyo. Hakutoka tena. Kwa miaka mingi alikuwa na daftari jekundu ambamo aliandika alichokiona: mwanafunzi fulani alikuwa na shida hii, nilimwambia neno hili, likamsaidia. Daftari lilikaa kwenye begi lililofungwa, na zaidi ya mwanawe, ambaye naye alikuwa mwalimu wa gofu, hakumwonyesha mtu. Alipozeeka sana, afya imekwisha, akamwita mwandishi Bud Shrake, akampa alisome. Mwaka 1992 likatoka kwa jina la "Harvey Penick's Little Red Book", na baada ya muda mfupi likawa miongoni mwa vitabu vya michezo vilivyouzwa zaidi Marekani.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mkataba wake. Shrake alimpigia kumwambia kwamba wachapaji wamekubali, na fungu lake ni dola 90,000. Mzee akawa mnyonge. Siku iliyofuata akamrudia: amezungumza na mkewe, wana gharama za matibabu, hawaoni watazipata wapi dola zote hizo. Alidhani ndiye anayetakiwa kulipa.

Ndani ya kitabu hakuna michoro ya misuli. Kuna sura fupi fupi, nyingine hazijai ukurasa, na nyingi zinahusu watu. Sura ninayoipenda inahusu fyekeo. Penick anasema kifaa bora cha kujifunzia pigo la gofu hakiuzwi kwenye duka la gofu: ni lile fyekeo la kukatia majani unalolizungusha kwa mkono huku umesimama. Ukilizungusha vizuri, majani yanakatika. Ukilizungusha vibaya, majani yanalala tu. Nikamsomea kedi wangu kwa Kiswahili tukiwa tumejibanza chini ya mti kungoja mvua ipite. Ni mtu wa makamo, baba wa watoto wanne, amebeba mabegi tangu ujana. Akaniangalia.

"Mama, huyo mzee kalipwa kwa kusema hilo?"

"Amelipwa sana."

Akaondoka kwenye mvua ile ile, akaenda stoo ya watunza uwanja, akarudi na fyekeo lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Nani kati yetu aliyesoma shule ya msingi nchi hii hajafyeka? Alilizungusha mara chache kwenye majani marefu ya pembeni. Kiuno kilitangulia, mikono ikafuata, bapa la chuma likapita chini na kutoa mlio mmoja mfupi, na majani yakaanguka yote upande mmoja. Lilikuwa pigo zuri kuliko nililowahi kuliona kwa mwanachama yeyote wa klabu yetu, na nimeshacheza na majaji na makanali. "Hili nimelishika toka darasa la tatu," akasema, "na sikuambiwa kama ni gofu."

Penick alifariki Jumapili, tarehe 2 Aprili 1995. Wanafunzi wake wawili maarufu, Tom Kite na Ben Crenshaw, waliacha mazoezi ya mashindano ya Masters kule Augusta, wakaruka kwenda Austin, wakabeba jeneza Jumatano, wakarudi jioni. Jumapili iliyofuata Crenshaw alishinda Masters akiwa na miaka 43, akainama pale pale kwenye grini ya mwisho, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, akalia, na kedi wake ndiye aliyemshika mabega.

Kwa hiyo siku hizi mtu akinikabidhi kitabu cha gofu, natafuta kwanza kama mwenye maneno aliwahi kubeba begi la mwenzake. Wengi wa walio bora walibeba. Bobby Jones ninamwondoa kwenye kanuni hii: alikuwa mtoto wa mwanasheria, naye akawa mwanasheria, na aliandika vizuri kuwazidi wote. Lakini angalia Francis Ouimet. Mwaka 1913, kijana wa miaka 20, mfanyakazi wa duka la vifaa vya michezo, aliyewahi kubeba mabegi katika uwanja uliotazamana na nyumba yao huko Brookline, Massachusetts, aliwashinda Waingereza wawili waliokuwa wakiogopwa dunia nzima, Harry Vardon na Ted Ray, katika mchezo wa kuamua bingwa wa US Open. Yeye alipiga 72, Vardon 77, Ray 78. Begi lake lilibebwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa ametoroka shule. Mark Frost aliandika kisa hicho mwaka 2002 katika "The Greatest Game Ever Played". Hicho mnunulie hata mtu asiyecheza. Mume wangu, ambaye gofu huiita matembezi ya gharama, alikimaliza kabla ya mwaka mpya na akaanza kuniuliza maswali.

Kisa cha Seve Ballesteros kinatuhusu kidogo zaidi sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu alishinda Kenya Open mwaka 1978, mwaka mmoja tu kabla ya kutwaa The Open ya Uingereza akiwa amepigia mpira mmoja kutoka kwenye maegesho ya magari. Naye alitokea kwenye kubeba mabegi, kijijini Pedreña, Hispania, akijifunzia ufukweni na fimbo moja. Kwa mpenda kucheka, kuna hadithi za P. G. Wodehouse za mwaka 1922, "The Clicking of Cuthbert". Vitabu vya picha za viwanja vizito vya mezani, samahani, wapelekeeni mahoteli.

Ukitaka kumnunulia mchezaji, muulize kedi wake. Hilo ndugu huwa hawalifikirii. Kedi anajua mpira wa mtu wake unageukia wapi, hasira yake inapanda shimo la ngapi, na kama ni mtu wa kufundishika au ni wa kusimuliwa tu. Mwanangu wa Houston alimpigia simu kedi wangu Novemba iliyopita. Akajibiwa kwamba mama asiletewe tena kitabu chenye mishale.

Krismasi hiyo hapakuwa na kitabu. Kulikuwa na kaunta buku tupu, jalada jekundu. Tangu hapo, tukimaliza mchezo, mimi na kedi wangu tunakaa pale mwembeni, yeye anasema, mimi naandika. Kwenye grini zetu mpira huteremka kuukimbia mlima wa Uluguru, hata pale macho yanapokataa. Asubuhi yenye umande ongeza nguvu, mchana ukiwa na upepo wa bondeni punguza fimbo moja. Mchezaji aliyetoka kuukosa mpira usimtajie umbali mpaka atembee kwanza hatua kadhaa. Kuna ukurasa mzima wa namna ya kumwambia mkubwa wa ofisi kwamba mpira wake umeingia mahindini, bila kumwambia.

Nilimsimulia kisa cha Penick na zile dola 90,000. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akauliza kama daftari hili nalo likichapwa itabidi alipe. Nikamwambia hapana, atalipwa yeye. Akasema basi nifute ule ukurasa wa mahindi, maana soda za Januari anazitegemea.