Kuanguka Si Kipimo cha Ubongo wa Bondia

Idadi ya mara ambazo bondia ameangushwa haipimi hali ya ubongo wake. Hata hivyo ndilo swali la kwanza linalotolewa, Butembo kama Beni, Kivu ya Kaskazini, kila kijana mwenye ngumi nzito anapoanza kulalamikia kichwa na kusahau mambo ya jana: ameanguka mara ngapi? Kocha hujibu kwa fahari kwamba hajawahi, wanaoanguka ni wenzake, na familia hurudi nyumbani imetulia. Swali limekosewa, na utulivu unaozaliwa nalo ni wa hatari.

Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ya pembeni inayotua kwenye kidevu huzungusha kichwa ghafla. Fuvu hugeuka, ubongo hubaki nyuma, kama maziwa ndani ya kibuyu kilichozungushwa kwa nguvu. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde nyuzi za neva huvutika, na vena nyembamba zinazounganisha uso wa ubongo na utando ulio juu yake zinaweza kukatika. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walipima ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu. Ilitua kwa kasi ya mita 8.9 kwa sekunde, na nguvu yake ilifikia takriban uzito wa kilo 400. Wao wenyewe waliifananisha na nyundo ya mbao ya kilo 6, iliyofunikwa kwa kitu laini, ikipigwa kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa.

Bondia huanguka pale mzunguko huo unapovuruga kwa mkupuo sehemu zinazoshikilia fahamu na mizani ya mwili. Ngumi isiyofikia kiwango hicho huvuta nyuzi zilezile, ila kimyakimya. Anayehesabu maanguko huhesabu matukio machache yenye kelele na kuyaacha maelfu yasiyo na kelele. Na mengi ya hayo maelfu hayatokei siku ya pambano mbele ya mashabiki. Hutokea jioni za mazoezi, ambako hakuna mwamuzi wala daktari, na hakuna anayeandika chochote.

Imani inayolizaa swali hilo inastahili kubomolewa hadi msingi. Inadai kwamba ngumi nzito humlinda mwenye nayo: anamaliza pambano mapema, hapokei mengi, na asiyeanguka ana kichwa kigumu. Hakuna kipande cha dai hili kinachosimama. Ufupi wa pambano ni wa ulingoni tu. Klabuni, kijana anayewaangusha wenzake wa uzito wake huishiwa na wa kupigana nao. Hupangiwa waliomzidi kilo, wiki baada ya wiki, na hakuna anayempunguzia kwa sababu kila mtu anamwogopa. Tena mara nyingi hufunzwa kuvumilia ngumi mbili ili atue moja, huku somo la kujikinga likiahirishwa. Ama hicho kichwa kigumu, ndiyo sifa mbaya kuliko zote. Anayeanguka kwa ngumi ya kwanza hupumzishwa. Asiyeanguka hupokea ya pili, ya kumi na ya hamsini.

Gerald McClellan wa Marekani alikuwa miongoni mwa wapigaji wazito kabisa wa uzito wa kati, na wapinzani wake wengi hawakuvuka raundi ya kwanza. Tarehe 25 Februari 1995, jijini London, alimtupa mpinzani wake Nigel Benn nje ya kamba katika raundi ya kwanza. Benn alirudi, na pambano likarefuka. McClellan akaanza kupepesa macho mfululizo, kinga ya meno ikining'inia mdomoni. Katika raundi ya 10 alipiga goti mara mbili, akahesabiwa, kisha akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye kona, na hapo ndipo alipozimia. Madaktari waliondoa damu iliyovilia juu ya ubongo wakaokoa uhai wake, lakini alipoteza kuona na akabaki mlemavu wa kutunzwa. Ngumi yake haikumkinga na lolote.

Kisa cha Simiso Buthelezi wa Afrika Kusini ni kikali zaidi kwa wanaohesabu maanguko. Mjini Durban, tarehe 5 Juni 2022, mpinzani wake ndiye aliyedondokea kwenye kamba katika raundi ya mwisho. Pambano lilipotakiwa kuendelea, Buthelezi alimpita, akaelekea kona tupu na kuanza kuipiga hewa. Alikuwa anavuja damu ndani ya kichwa. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24. Aliyeanguka alisimama; aliyekuwa amesimama ndiye aliyezikwa.

Wasomaji wa Kongo wana mfano wao. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, George Foreman, mpigaji mzito kuliko wote wa zama zake, alimtwanga Muhammad Ali raundi baada ya raundi kwenye kamba, kisha akaangushwa katika raundi ya 8. Kwa hesabu ya maanguko, aliyeumia ni Foreman. Foreman alirudi kuwa bingwa wa dunia mwaka 1994, akiwa na miaka 45, na akazeeka akizungumza kwa ufasaha. Ali alitambuliwa kuwa na maradhi ya Parkinson mwaka 1984. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, na madaktari hawajafunga mjadala kuhusu sehemu ya ngumi katika maradhi ya Ali. Lakini anayetaka maanguko yawe kipimo hana budi kuueleza usiku huo.

Madhara ni ya aina mbili, na hayafai kuchanganywa. La kwanza ni la haraka: damu kuvilia, ambayo inaweza kuua kwa saa chache hata kama bondia ameongea na kucheka baada ya pambano. La pili ni la polepole. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa New Jersey, aliwaeleza mabondia waliostaafu wakiwa wanapepesuka, wanatetemeka na wamepungua akili. Mwaka 1973 Corsellis na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufa, na uharibifu wa aina moja ukajirudia. Leo inajulikana kwamba protini iitwayo tau hujikusanya ndani ya mikunjo ya ubongo, na kwamba ugonjwa huo wa polepole huthibitishwa kwa darubini baada ya kifo tu. Kwa hiyo skana safi inasema jambo moja: siku hiyo hakuna damu iliyovilia. Haisemi kwamba ubongo ni mzima, na cheti cha skana kisitumiwe kama kibali cha kurudi ulingoni.

Kofia ya kichwa nayo hupewa sifa isiyo yake. Inazuia michubuko na mpasuko wa nyusi. Haizuii kichwa kuzunguka, kwa hiyo haizuii mtikisiko wa ubongo. Wanaume walivuliwa kofia hizo katika ndondi za Olimpiki za Rio mwaka 2016. Klabu inayoruhusu vijana kupigana kwa nguvu zote kila siku kwa kuwa wamevaa kofia inawadanganya.

Linabaki swali ambalo wapenzi wa ndondi hulipenda zaidi: bondia fulani angefika wapi kama asingeumia? Mfano ulio karibu na Kivu ya Kaskazini uko ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, nchini Uganda. John Mugabi wa Kampala alipata medali ya fedha ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, kisha akashinda mapambano 25 ya kulipwa, yote kwa kuwaangusha wapinzani au kwa mwamuzi kusimamisha pambano. Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alikutana na bingwa wa dunia Marvin Hagler. Wawili hao walitwangana hadi raundi ya 11, Mugabi akashindwa. Kabla ya mwaka huo kwisha alirudishwa kupigania mkanda mwingine dhidi ya Duane Thomas, akaumia jicho na kusimamishwa raundi ya 3. Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia wa Baraza la Ndondi la Dunia (WBC). Mwaka uliofuata Terry Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza, na mwaka 1991 McClellan akafanya hivyohivyo.

Husemwa kwamba Hagler ndiye aliyemmaliza. Huo ni utambuzi wa ugonjwa uliofanywa kwa kuangalia orodha ya matokeo, na hauna thamani. Orodha hiyo haitenganishi ubongo na jicho, umri, wala upungufu ambao ushindi 25 wa haraka huweza kuuficha. Inachoonyesha wazi ni kwamba nguvu ya ngumi ilikuwepo bado: kati ya ushindi wake 42, ni 3 tu ambao haukupatikana kwa kuangusha au kusimamisha. Hapo ndipo tathmini nyingi hupotea. Nguvu ya ngumi huisha mwisho. Kinachotangulia kwenda ni wepesi wa jicho na mkono, kukwepa, kukadiria umbali, kukumbuka maelekezo ya kona. Kijana anaweza kuendelea kuwaangusha wenzake mazoezini huku ulinzi wake umekwisha kuoza, na kocha anayeangalia ngumi peke yake ataona bondia anayepanda.

Kuangushwa nako si hukumu ya kudumu. Ilunga Makabu, bondia mzaliwa wa Kananga, aliangushwa na Tony Bellew mjini Liverpool tarehe 29 Mei 2016, katika raundi ya 3. Tarehe 31 Januari 2020, Kinshasa, alitwaa mkanda wa WBC.

Hatua za kuchukua si nyingi. Mazoezi ya kupigana kwa nguvu yawe machache, kwa uzito unaolingana. Anayepoteza fahamu, anayechanganyikiwa au anayeuliza mara mbili ni raundi ya ngapi asimamishwe siku hiyohiyo. Ndoo ya maji baridi haitibu chochote, na aspirini, dawa ya kumeza ya kila nyumba, huzidisha kuvuja damu; kwa maumivu parasetamoli inatosha. Usingizi hauui, lakini asiyeamshika yumo hatarini kufa. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, mboni moja kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, degedege: hospitali mara moja. Na kwa kuwa barabara ya Butembo kwenda Beni, au ya Beni kwenda Kasindi, si ya kusafiriwa usiku, mapambano yafanyike asubuhi, gari likiwa limelipwa na limesimama mlangoni, na mratibu awe ameuliza kabla ni skana gani inafanya kazi juma hilo. Hakuna gari, hakuna pambano. Baada ya kuangushwa kwa ngumi ya kichwa, kanuni za ndondi za ridhaa zimekuwa zikitaka mapumziko ya siku 30 angalau; mara mbili ndani ya miezi 3, miezi 3; mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima. Mapumziko hayo yanahusu mazoezi ya kupigana pia, na hayaanzi kuhesabiwa kichwa kikiwa bado kinauma.

Kila bondia awe na daftari. Ziandikwe raundi za mazoezi, uzito wa aliyepigana naye, maumivu ya kichwa, usingizi, na majibu ya mke au mama anapoulizwa kama hasira, usemi na mwendo vimebadilika, kwa sababu yeye huona kabla ya kocha. Mabadiliko hayo yakidumu ilhali bondia hapigwi tena, aache ndondi, hata kama mwezi uliopita aliangusha watu watatu. Akihama klabu daftari lihame naye, na nakala moja ibaki nyumbani.